Waliouliza Kwanza Walishika Funguo za Jela

Mwaka 1906 Waingereza waliishinda Embu kwa bunduki. Miaka miwili baadaye E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, alifungua kituo cha serikali huko Meru. Afisa wa namna hiyo alikuwa serikali nzima ndani ya mtu mmoja: ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyeamrisha askari, ndiye aliyeketi kama hakimu, na jela ilikuwa chini yake. Kazi hiyo haikuwezekana bila kuuliza. Nani hapa huamua kesi? Mtu akiua, ukoo gani hulipa, na hulipa nini? Kijana wa rika la wapiganaji humtii baba yake au humtii mzee wa kiama, yaani baraza la wazee?

Maswali hayo ndiyo anayokutana nayo leo mwanafunzi anayeanza shahada ya kwanza ya sosholojia na kriminolojia. Hufundishwa kupitia wanasosholojia Durkheim na Weber na utafiti wa mitaa ya Chicago, na si vibaya. Ila katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya elimu hii ilianzia kwenye meza ya hakimu, na jambo hilo limeacha alama katika karibu kila kilichoandikwa kuhusu watu wa huko.

Mfano wa kwanza ni Granville Orde-Browne, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la mizinga kabla ya kuingia utawala wa Afrika Mashariki. Alihudumu Chuka na maeneo ya jirani miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wakati wa vita hivyo. Alikuwa mtu wa kudadisi kwelikweli. Aliandika juu ya tohara ya Wamwimbi, juu ya Wachuka, Waembu, Wambeere na Watharaka, na mwaka 1925 akatoa kitabu kizima. Katika jina la kitabu aliwaita watu hao makabila yanayotoweka. Karne moja imepita na hawajatoweka. Chuka penyewe sasa pana chuo kikuu. Hata hivyo maelezo yake ya mabaraza, viapo na fidia bado yanasomwa, kwa kuwa alikaa na kuangalia.

Mwaka 1935, akiwa ameshaondoka Kenya, alichapisha makala katika jarida la *Africa* kuhusu uchawi na sheria ya kikoloni. Hoja yake inafaa kutafakariwa na kila msomi wa uhalifu. Sheria ya Kiingereza haikukubali kwamba mchawi anaweza kuua kwa uchawi. Kwa hiyo ilimwadhibu anayemtaja mtu kuwa mchawi, na ikamnyonga anayemuua. Mwanakijiji aliyeamini kuwa mtoto wake ameuawa kwa uchawi aliona serikali imesimama upande wa muuaji. Zamani jamii ilikuwa na njia ya kumwondoa mtu aliyeshindikana, kwa idhini ya wazee na hata ya jamaa zake. Wakamba waliiita king'ole. Chini ya sheria mpya, wale waliojiona wametekeleza hukumu walipandishwa kizimbani kama wauaji. Ni tendo lilelile, na mahakama mbili zisizokubaliana hata juu ya nani aliyedhurika.

Upande wa Meru kulikuwa na baraza kubwa zaidi la kuchunguza. Njuri Ncheke, baraza la wazee wateule, lilikaa juu ya viama vya mitaa na kuamua mambo mazito ya Wameru. Halikuwa na jela. Lilikuwa na faini ya mifugo, fidia kati ya koo, kiapo, na laana. Aliyevunja uamuzi wake alitengwa, na katika nchi ambapo ndoa, shamba na mazishi vyote vilipitia kwa watu wa rika na ukoo, kutengwa kulitosha.

H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyetumika Embu na Meru miaka ya 1930, ndiye aliyeamua kulitumia baraza hilo badala ya kulipiga vita. Wapenzi wa Kiswahili wanamjua Lambert kwa sababu nyingine: ni yeye aliyekuja kuandika juu ya Kivumba, Chichifundi na Chijomvu, lahaja za pwani ya Kenya. Huko mlimani aliwasikiliza wazee kwa makini hayohayo, na mwaka 1947 akachapisha utafiti juu ya namna mamlaka ya wenyeji yanavyoweza kutumiwa katika utawala. Waliomzuia mwanzoni ni Wakristo, waliokataa kiapo cha kuingia Njuri. Njia ikapatikana ya kuapa Kikristo, na miongoni mwa waliosaidia kulisogeza jambo hilo alikuwa Mchungaji Philip M'Inoti wa Kanisa la Methodisti.

M'Inoti anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa. Karibu mwaka 1930 aliandika kwa Kiswahili mswada juu ya asili ya Wameru na tabia zao. Haukuchapishwa kama kitabu. Ulihifadhiwa katika karatasi za Lambert, na watafiti wa kigeni wakauchota humo kwa miongo mingi. Hivyo mmoja wa wachunguzi wa mwanzo wa jamii ya Wameru alikuwa Mmeru, na lugha aliyochagua ni hii tunayoisoma sasa.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna mwalimu wa kriminolojia angeweza kulibuni. Mwaka 1956, uasi wa Mau Mau ukizimwa kwa nguvu na hali ya hatari ikiendelea, Njuri Ncheke, kwa msukumo wa utawala, ilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru nzima. Kabla ya hapo tohara ndiyo iliyomtoa msichana utotoni na kumfanya mwanamke anayeweza kuolewa. Kwa tamko moja la wanaume ikawa kosa la kushtakiwa. Wasichana wakajibu kwa kujitahiri wenyewe. Walinunua nyembe dukani, wakaenda makundi kwa makundi porini au mashambani, wakatahiriana. Watu waliwaita Ngaitana, yaani nitajitahiri. Wengi walikuwa wadogo kuliko wale waliotahiriwa zamani, kwa sababu hofu ya sheria iliwaharakisha, na hapakuwa na mtahiri mzoefu wa kuwasimamia. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana kwa wanawake na wanaume, walishtakiwa mbele ya mahakama za Waafrika.

Mwanahistoria Lynn Thomas alipowahoji wanawake hao miaka mingi baadaye, alikuta kumbukumbu ambazo faili za kesi hazikubeba: kutotaka kuachwa nyuma na wenzao, hamu ya kuwa kama dada zao wakubwa, na hasira dhidi ya machifu na homugadi, wanamgambo wa serikali, waliotoza faini. Durkheim alikuwa ameandika mwaka 1893 kwamba kosa huwa kosa kwa sababu jamii imelichukia. Je, jamii ipi hapa? Wazee wa Njuri, bibi aliyemtayarisha mjukuu, mkuu wa wilaya, au msichana mwenye wembe? Howard Becker, aliyeandika mwaka 1963 kwamba ukosaji hutengenezwa na wale wenye uwezo wa kuweka kanuni, angeweza kuandika sura nzima kutoka Meru. Mimi ninaamini ukeketaji ni madhara makubwa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayouharamisha ni sheria ya haki. Lakini anayetaka kujua kwa nini baadhi ya makatazo huzaa ukaidi aanze na kisa hiki, kabla ya kufungua kitabu chochote cha Chicago.

Miaka hiyohiyo upande wa Embu, uwanda wa Mwea, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya wilaya hiyo, ulijaa kambi za kizuizini. Hapa elimu ya uhalifu ilitumika vibaya kuliko mahali pengine popote katika historia hii. Serikali ilikuwa imemwomba daktari wa akili, J. C. Carothers, aeleze Mau Mau, na mwaka 1954 akaandika kwamba chanzo chake kilikuwa msukosuko wa akili za watu waliong'olewa katika mila. Ardhi iliyonyang'anywa ikageuzwa ugonjwa, na mgonjwa hutibiwa, atake asitake. Kuanzia 1957 chini ya Terence Gavaghan wafungwa walioletwa Mwea walipigwa mpaka wakubali kutii. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 waliodai kuteswa katika kambi za Kenya.

Palikuwa pia na Wamumu, kambi ya wavulana waliotolewa kambi ya Manyani na kwingineko kuanzia 1955. Ilipewa hadhi ya shule ya kurekebisha tabia: darasa, ufundi, gwaride. Geoffrey Griffin, aliyehusika nayo, alikwenda mwaka 1959 kuanzisha kituo cha wavulana cha Starehe mjini Nairobi pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Wamumu bado ni shule ya watoto wanaotumwa na mahakama.

Baada ya uhuru waulizaji walibadilika. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na Erasto Muga, aliyetoa kitabu chake juu ya uhalifu nchini Kenya mwaka 1975, na Mganda Tibamanya mwene Mushanga, ambaye utangulizi wake wa kriminolojia ulitoka mwaka uliofuata. Embu, H. S. K. Mwaniki aliwaendea wazee wa kwao na kuchapisha maneno yao mwaka 1973 na 1974. Mbeere, Jack Glazier alionyesha jinsi upimaji wa ardhi ulivyozifanya koo zisimulie upya mababu zao ili zishinde kesi. Hili la mwisho ni onyo zuri kwa mtafiti: mtu anayetafuta hatimiliki hukumbuka kwa namna yake.

Sasa vyuo vikuu viko hapohapo. Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilipata hati mwaka 2013, na Embu mwaka 2016. Cha Meru kiko Nchiru, juu ya ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, karibu na makao ya baraza hilo. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inaziagiza mahakama kukuza njia za jadi za kusuluhisha migogoro mradi zisivunje haki za msingi, na kesi za mashamba ambamo kiapo cha nthenge, yaani cha beberu, kimeliwa zimefika mbele ya majaji wa Meru. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya viapo hivyo hahitaji kusafiri mbali. Anahitaji kibali cha utafiti, ruhusa ya uongozi wa eneo, na fomu ya ridhaa atakayomsomea mzee kabla ya swali la kwanza. Fomu hiyo humwambia mzee kwamba anaweza kukataa kujibu na hatapata dhara lolote. Shahidi aliyesimama mbele ya afisa wa Chuka mwaka 1913 hakuwa na nafasi hiyo, na mwanafunzi anayesoma majibu yake leo hana budi kuyasoma akilijua hilo.