Bei ya Mhandisi katika Nchi ya Mto Rufiji

Elimu ina bei kama bidhaa nyingine, lakini yatofautiana nazo kwa jambo moja: mara nyingi ailipiaye siye aichukuaye, wala aichukuaye siye peke yake aifaidiye. Katika shahada ya uhandisi wa umeme jambo hili ni dhahiri zaidi, maana umeme haufuliwi na mtu mmoja kwa ajili ya nyumba yake. Atakaye kupima gharama na thamani ya shahada hiyo katika Tanzania hana haja ya kwenda mbali kutafuta mizani. Historia ya Mto Rufiji yatosha.

Mto huo huteremka kutoka nyanda za juu za kusini, hupita Utete, kisha hugawanyika matawi mengi na kuingia baharini katika delta ya mikoko, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti. Kwa vizazi vingi wenyeji walipanda mpunga kwa kungojea mafuriko, na maji yalipopungua walilima mlau katika tope lililoachwa nyuma. Mikoko yao ilikatwa boriti, ikapakiwa majahazini, ikabeba dari za nyumba za Uarabuni. Tangu zamani, basi, Rufiji ilijua maana ya kutoa kitu kifaidiwacho mbali.

Nguvu ya mto ilitambuliwa mapema. Stiegler, ambaye jina lake lilibandikwa juu ya korongo la mto huo, aliuawa na tembo mwaka 1907, kama isimuliwavyo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walilichunguza bonde zima, na taarifa yao ikatoka mwaka 1961. Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Norway walilipima korongo kwa ajili ya bwawa, na mwaka 1975 iliundwa mamlaka ya kuliendeleza bonde, RUBADA. Makabati yalijaa karatasi, na maji yakaendelea kupita.

Hesabu na ramani hizo zilikuwa zaidi mikononi mwa wageni. Mwalimu Nyerere alieleza baadaye kwamba Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1963, uhandisi ulifundishwa Nairobi, udaktari Makerere na sheria Dar es Salaam. Kijana wa Rufiji aliyeutamani uhandisi ilimpasa kuvuka mpaka. Safari hiyo ilifupishwa mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi.

Zama hizo Serikali ilimlipia mwanafunzi. Watu waliita elimu hiyo ya bure, lakini haikuwa bure: ililipiwa na mkulima ambaye mwanawe huenda hakufika hata darasa la nne. Mwalimu aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake riziki. Mfano huo haukuhitaji kufafanuliwa Rufiji, ambako mafuriko ya mwaka mmoja na ukame wa mwaka wa pili vyote viliweza kuliacha ghala tupu. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 walioyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walirudishwa makwao, na Rais naye akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Swali la siku ile lilikuwa hili: kati ya msomi na nchi, nani amdai mwenzake?

Wahandisi wa kwanza wa kitivo kipya hawakukosa pa kufanya kazi. Kituo cha Kidatu, katika Ruaha Mkuu umwagao maji yake Rufiji, kilianza kufua umeme mwaka 1975. Mtera ikafuata mwaka 1988, na Kihansi mwaka 2000, zote zikinywa maji ya bonde lile lile. Lakini bwawa la korongo kuu liliwekwa kando katika miaka ya 1980. Shahada ya umeme ina thamani pale penye kazi ya umeme. Nchi isipojenga, cheti hubaki ukutani.

Kisha hesabu ikageuka. Katika miaka ya 1990 wanafunzi walitakiwa kuchangia gharama, na sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu mwaka 2016 mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni ilifutwa mwaka 2021. Wala miaka 4 ya chuo haimalizi safari. Kwa sheria ya mwaka 1997, asiyesajiliwa hana ruhusa ya kufanya kazi kwa jina la mhandisi, na usajili hutanguliwa na miaka 3 ya mazoezi kazini. Hiyo ni miaka 7, na ya mwisho huambatana na deni.

Je, faida yalingana na gharama hiyo? Mkataba wa bwawa la korongo ulitiwa saini mwezi wa Desemba 2018, kwa shilingi trilioni 6.5 hivi. Mtambo wa kwanza uliingia kazini mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote 9 ikatimia, megawati 2,115. Lakini mitambo 9 haiajiri vijana wa wilaya nzima, na umeme wake husafirishwa kwa msongo wa kilovoti 400 kwenda kituo cha kupoza umeme cha Chalinze, kiasi cha kilomita 160. Kama boriti za kale, hutoka kwanza.

Kwa hiyo mzazi wa Kibiti atafutaye mshahara wa haraka ana haki ya kuitazama kwanza stashahada ya fundi sanifu, ambayo ni fupi na haifungi mlango wa shahada baadaye. Njia hiyo si ya aibu. Nyaya nyingi za nchi hii zimefungwa na mikono ya mafundi. Lakini fundi hufunga waya pale alipoelekezwa. Mhandisi hukaa katika baraza lisemalo njia ipite wapi, transfoma isimame kijiji gani, na nguzo isimikwe vipi katika tope la mikoko.

Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Wengine walililaumu bwawa. Serikali ikajibu kwamba pasipo bwawa madhara yangezidi. Mabishano kama hayo hukatwa kwa hesabu za maji na za mitambo, na wakulima wa mpunga walikuwa na haja ya watu wao wenye kuzisoma hesabu hizo. Hiyo ndiyo thamani ambayo karatasi ya mshahara haiioneshi, nayo ndiyo sababu ya haki ya kutomtwisha kijana mmoja gharama yote. Nchi ikimlipia sehemu, na yaweza kumdai. Ikimwachia deni lote, isistaajabu akienda kulilipa mbali na Rufiji.