Mizani ya Pamba

Siku moja ya Jumatatu, Julai 1996, nilipanda ngazi za hospitali moja mjini Mwanza nikapumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara iendayo Magu. Umri wangu ulikuwa miaka 46, na uzito, kama nilivyoambiwa asubuhi ile, kilo 109. Daktari alinipima presha, akaagiza mkojo upimwe, akaandika dawa, kisha akatamka neno moja: "Punguza." Nikamwuliza, "Nipunguze vipi, daktari?" Akajibu, "Punguza kula, Mwalimu," akamwita mgonjwa mwingine.

Simlaumu. Foleni ilifika nje, na wengi waliokuwamo walikuwa na hali mbaya kuliko mimi. Ila nataka msomaji aelewe kwamba neno lile, kwa mtu wa kandokando ya Ziwa katika mwaka ule, halikuwa jepesi hata kidogo.

Kwetu unene ulikuwa sifa tangu zamani. Mtu akirudi safari akaambiwa "umenawiri," hupokea maneno hayo kama zawadi. Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa, huko Karagwe, sifa hiyo ilifika mbali zaidi. Mwingereza Speke, ambaye mwaka 1858 alifika ufuko wa Mwanza akalipa ziwa letu jina la malkia wake, alirudi tena mwaka 1861 akapokelewa na Mfalme Rumanika wa Karagwe. Huko aliwakuta wanawake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa mpaka wakawa hawawezi kusimama vema. Alimpima mmoja wao kwa utepe: mkono, ule wa juu ya kiwiko, ulikuwa na mzunguko wa karibu sentimita 58. Kando yake aliketi bintiye akinywa maziwa, na baba ameshika fimbo asije akaacha. Nilipokuwa mwanafunzi tulicheka habari hiyo. Nilipokuwa na kilo 109 sikuicheka tena, maana nami nilikuwa na watu walionishikia fimbo, isipokuwa fimbo yao ilikuwa upendo. Hakuna mzazi aliyekubali mwalimu mkuu aondoke nyumbani kwake bila kula.

Tena kizazi chetu kilijua njaa. Ukame wa mwaka 1974, na tena ule wa miaka ya themanini mwanzoni, ulitulisha unga wa yanga uliotoka Marekani, na tuliula kwa shukrani. Mtu aliyewahi kupanga foleni kwa ajili ya kilo mbili za sukari hawezi kuiona sukari ikiwa mezani akaiacha. Mimi nilitia vijiko vitatu katika kila kikombe, na vikombe vilikuwa vitano kwa siku. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, lakini vijiko hivyo kumi na vitano sikuwahi kuvijumlisha.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera. Watu wa Bukoba waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichouzwa na wafanyabiashara wa magendo. Wenzetu wa Uganda waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kukonda. Jina hilo lilitosha. Kufikia mwaka 1996 hapakuwa na familia katika mwambao huu ambayo haikuzika, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu miaka minane baadaye, mwaka 2004. Basi katika mwaka wa 1996, mtu mzima aliyeanza kupungua mwili alikuwa, machoni pa majirani, ameanza safari.

Nami, badala ya kusema, nilinyamaza. Nilidhani ni jambo la siri, la mtu na tumbo lake. Mashauri niliyatafuta kwa kujificha, na mashauri ya kujificha ndiyo mabaya kuliko yote. Mtu mmoja sokoni aliniuzia chupa ya dawa chungu iliyonitia kuhara siku nne. Rafiki mwingine aliniambia niishi kwa machungwa na maji tu. Siku ya sita nilianguka mstarini mbele ya wanafunzi wangu wote, wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Niliinuliwa na walimu wawili nikapelekwa ofisini, na kabla ya saa nne asubuhi habari ilikuwa imefika Igoma.

Mpaka Oktoba nilikuwa nimepungua kilo 11, na nguo zilinipwaya. Mjumbe mmoja wa kamati ya shule alikuja kuniuliza kwa adabu nyingi kama si vema "kumwandaa msaidizi mapema." Wakwe zangu walifanya kikao bila mimi, wakamwita binti yao wamshauri arudi nyumbani apumzike kidogo. Hakwenda. Tulikwenda kupima wote wawili, tukakutwa salama, lakini majibu ya hospitali hayavaliwi shingoni kama tai. Usiku ule mama watoto aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Umeficha kitu kisicho na aibu, sasa kinafanana na chenye aibu."

Nilitafakari maneno hayo siku kadhaa, ndipo nilipoikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya.

Vijana wa leo hawaijui. Mwaka 1973 nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa kijiji kimoja cha ufukoni, na kabla sijazoea ubao nikapewa kuongoza kikundi cha kusikiliza redio. Watu wapatao milioni mbili nchini mwetu waliketi hivyo mwaka ule, vikundi maelfu kwa maelfu. Kila wiki tuliwasha redio, tukasikiliza kipindi cha malaria au kichocho au kuhara, tukasoma kijitabu, tukajadiliana, halafu, na hapo ndipo palipokuwa na maana, tukaamua la kufanya kabla ya kukutana tena. Wazee wa kikundi changu walikuwa wameambiwa na serikali wachimbe vyoo tangu enzi za Mwingereza, wasichimbe. Katika miezi ile mitatu walichimba. Elimu haikuwa mpya sana. Kilichokuwa kipya ni kwamba Jumatano ijayo jirani yako angekuuliza, mbele ya wengine, shimo limefika urefu gani.

Kwa hiyo nikaita kikundi. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, mganga wa zahanati ya kijiji, mwalimu mwenzangu ambaye naye alikuwa na tumbo la kutosha, na katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Katibu nilimwita kwa sababu ya mizani. Ile ya zahanati ilikuwa ya watoto wachanga, ya kuning'iniza, na mimi singeweza kuning'inizwa. Katika ghala la ushirika kulikuwa na mizani ya jukwaa ya kupimia pamba, na msimu ulikuwa umekwisha.

Hapa naomba niseme kidogo juu ya mizani hiyo, maana ina historia. Kabla ya ushirika, mkulima wa Usukuma alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, mnunuzi akapima mwenyewe, akasoma mwenyewe, akatamka mwenyewe. Wakulima walijua kwamba wanapunjwa, lakini mmoja mmoja hakuwa na ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini walianza kuweka watu wao wa kupima upya, na kutokana na mwamko huo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikakua vyama ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation, mojawapo ya miungano mikubwa ya ushirika barani Afrika katika siku zake. Baba yangu alikuwa mwanachama. Alikuwa na msemo wake kwamba mtu asipimwe peke yake.

Basi kila Jumamosi saa mbili asubuhi nilipanda jukwaani, na katibu akasoma kwa sauti. Pamba yetu hupangwa madaraja mawili, safi na fifi, naye hakukosa kuuliza, "Mwalimu, leo ni safi au fifi?" Mara ya kwanza utani ule ulinichoma, kwa kuwa kufifia ndiko walikokuwa wakinisengenya. Baada ya wiki chache watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walianza kujibu kwa niaba yangu: "Safi!" Uzito wangu ukawa habari ya wazi, kama bei ya dagaa. Na uvumi, ndugu msomaji, hauishi mahali penye habari ya wazi.

Mashauri ya mganga wa zahanati yalikuwa machache. Alinikataza kuacha ugali. Alisema, "Mtu akikukataza ugali, Mwalimu, utamtii wiki mbili halafu utamchukia." Badala yake alichukua sahani, akachora kwa kidole: nusu mgagani au mchicha, robo ugali, robo samaki, na samaki awe wa kuchemsha, si wa kuelea katika mafuta. Sukari katika chai tuliishusha kijiko kimoja kila mwezi mpaka ikaisha. Soda ilibaki ya harusi. Dawa za presha alinionya nisiziache hata nikijisikia mzima, na nisikae na njaa mpaka nikaanguka tena. Na gari la mtu yeyote nisilipande kwenda shuleni, kilomita nne kwenda, nne kurudi. Mwalimu mwenzangu alitembea nami. Yeye alipungua kilo sita tu, lakini bila yeye mimi nisingepungua hata hizo nilizopungua. Kuna asubuhi nyingi za mvua ambazo nilitoka kitandani kwa sababu tu nilijua amekwisha kusimama chini ya mwembe akiningoja.

Baada ya kustaafu, nilipopata nafasi ya kusoma, niligundua kwamba mwaka uleule wa 1863 ambapo Speke alichapisha London kitabu chenye habari za Karagwe, mkazi mmoja wa mji huohuo, fundi na msimamizi wa mazishi aitwaye William Banting, alichapisha kijitabu juu ya unene wake mwenyewe. Alikuwa amezunguka kwa waganga miaka mingi. Mmoja alimwambia apige makasia mtoni, akapiga, akapata njaa, akanenepa zaidi. Hatimaye daktari aitwaye William Harvey, aliyemwendea kwa sababu ya masikio, alimpunguzia mkate, sukari, bia na viazi, naye akapungua kilo 21 hivi katika muda wa mwaka mmoja. Alikigharimia kijitabu chake mwenyewe na mwanzoni akakigawa bure. Miaka 100 baadaye, mwaka 1963, mama wa nyumbani wa New York aitwaye Jean Nidetch, ambaye alikuwa ameanza kwa kuwaita rafiki zake wanene sebuleni kwake ili wazungumze, alianzisha kampuni ya mikutano ya kupimana uzito iliyoenea duniani. Niliposoma hayo nilimwambia mke wangu kwamba tungekuwa matajiri. Akajibu kwamba ghala lilikuwa la ushirika.

Nasema haya nikijua kwamba tatizo limekua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa na Dk. McLarty na wenzake katika vijiji vyetu, vikiwemo vya Mkoa wa Mara, ulikuta wenye kisukari chini ya mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Neno "Punguza" sasa linatamkwa kwa wengi.

Lipo jambo moja ambalo bado linanisumbua. Wakati ule ule, katika shule ya jirani, mwalimu mmoja kijana alikuwa akikonda kwa ugonjwa wenyewe. Nilimfahamu. Juhudi zangu zote za kuthibitisha kwamba mimi si kama yeye, naye alizisikia. Kijiji kizima kilizisikia. Yeye hakuwa na watu wa kumsomea mizani Jumamosi, na mimi sikwenda kumwona mpaka alipokuwa hawezi kuketi. Alifariki mwaka 1997.

Mimi nilifika kilo 88 kabla ya mwaka huo kwisha. Baadaye zilirudi sita, nikapunguza nne. Sasa, nikiwa na miaka zaidi ya sabini, nacheza hapo katikati, na mganga mwingine ananisoma.

Lakini kabla ya hayo, Desemba 1996, dada yangu mkubwa alivuka kwa meli kutoka Ukerewe bila taarifa. Alikuwa amesikia. Alishuka na mfuko wa mchele, samaki wakavu na kanga mbili nyeusi, akaketi uani akanitazama muda mrefu, machozi yakimtoka. "Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Usinifiche." Nilimweleza, mke wangu akamweleza, hakuamini. Kesho yake ikawa Jumamosi. Nikamchukua mpaka ghalani, akaketi juu ya gunia, akaniona nikipanda, akamsikia katibu akisoma "Tisini na tano!" na watoto wakiitikia dirishani. Akaomba aonyeshwe maandishi. Katibu akamletea daftari, akamsomea tarehe moja moja tangu Oktoba, kilo moja hapa, nusu kilo pale, wiki nyingine hakuna. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwagiza anakili yote katika karatasi na kugonga mhuri wa chama, akaikunja, akaifunga katika pindo la kanga aliyovaa, akasema meli ya kurudi Nansio inaondoka mchana, na kule kuna watu anaotaka wasomewe.