Siwa na Ngoma ya Gogo

Wenzangu kwenye semina hupenda kusema kila mawasiliano ni lugha. Mimi nakataa. Siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu, na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Ikipulizwa siwa harusini, mji ulijua wenye nasaba wana shughuli. Habari imefika, sawa. Lakini siwa haiwezi kusema bwana harusi hakuja, wala kuuliza atakuja lini.

Sasa linganisha na ngoma ya gogo ya Walokele, karibu na Kisangani, aliyoieleza mmisionari John Carrington katika kitabu chake cha mwaka 1949. Kilokele kina toni mbili, na gogo lina sauti mbili. Songe (mwezi) na koko (kuku) zina toni zilezile. Kwa hiyo mpigaji hurefusha, kuku akawa yule mdogo aliaye kiokio, na mfuatano wa toni ukatofautiana. Hiyo ni sentensi, bwana! Siwa humtosha hata mgeni, akishaambiwa ni ya harusi. Gogo silielewi mpaka nijifunze Kilokele.