Tulikwenda Kuomba

Mwaka jana mimi na wenzangu wanne tuliamua kuandamana. Msishtuke, wasomaji. Hatukutaka kupindua serikali, tulitaka taa. Barabara ya mtaani kwetu ilikuwa giza kwa miezi, na haikupita wiki bila mtu kunyang'anywa simu au mkoba. Tukakubaliana tutembee mchana peupe hadi kwa wanaohusika, barua yetu mkononi.

Kazi ya kwenda kituo cha polisi niliachiwa mimi, eti kwa kuwa ndiye ninayetaka kuwa mwandishi wa riwaya. Nikasimama mbele ya kaunta, nikasema kwa adabu zote: "Habari ya kazi, afande. Tunaomba ruhusa ya kuandamana."

Afande hakuinua hata kichwa. "Ruhusa hakuna. Rudi nyumbani."

Nikarudi, bwana! Mkia miguuni.

Usiku nikamsimulia mama. Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mwaka 1990 mama alikuwa msichana wa shule, wakikaa Shauri Moyo, karibu na uwanja wa Kamukunji. Alinieleza jinsi nyanya alivyowafungia ndani, watu wakipita mbio nje, macho yao yakiwasha kwa moshi wa vitoza machozi. "Hata wale walinyimwa hiyo ruhusa yenu," alisema. "Na walikuja vilevile."

Maneno hayo yakaninyima usingizi. Kesho yake nikaanza kusoma.

Kumbe hadithi yenyewe ni ndefu. Mwaka 1950, miaka miwili kabla ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kulinda utulivu wa umma, Sura ya 56 ya sheria za Kenya. Aliyetaka mkutano wa hadhara sharti apate leseni, na mwenye kalamu ya leseni alikuwa DC. Uhuru ukaja 1963. Mkoloni akafunga virago, sheria ikabaki. DC akabaki pia, na kalamu yake.

Sisi tunaoandika tusidhani kalamu hiyo iliwahusu wanasiasa peke yao. Mwaka 1977, kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na wafanyakazi walikuwa wakiigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tarehe 16 Novemba leseni ya kukusanyika pale ikaondolewa. Hakuna aliyehangaika kufuta hata sentensi moja ya mchezo. Karatasi iliondolewa, na jukwaa likanyamaza. Mwaka ukiisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini.

Sasa tufike 1990. Kenneth Matiba na Charles Rubia walitaka vyama vingi, wakaitisha mkutano Kamukunji tarehe 7 Julai. Leseni wakanyimwa. Siku tatu kabla ya mkutano wakatiwa kizuizini. Watu wakaenda uwanjani bila leseni na bila viongozi, wakakutana na marungu na risasi. Vurugu zikaendelea siku kadhaa, na watu wakauawa. Hiyo ndiyo Saba Saba aliyoisikia mama kupitia dirishani. Novemba 1991 FORD nao wakajaribu uwanja uleule, wakatawanywa. Lakini Januari 1992, baada ya vyama vingi kukubaliwa, wakakutana hapo kihalali, na umati ukafurika.

Leseni yenyewe iliendelea kuishi hadi 1997. Mwaka huo, baada ya Saba Saba nyingine ya damu, wabunge wa vyama mbalimbali waliokutana chini ya jina la IPPG walikubaliana kuibadili Sura ya 56. Tangu hapo mwandaaji haombi leseni, anatoa ilani. Anaipeleka kituoni siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla. Anaandika jina lake, anakoishi, tarehe, saa, na uwanja au njia itakayopitwa. Iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Afisa anaweza kukwambia kuna wengine waliotangulia kuleta ilani ya mahali na saa hizohizo, na anaweza kuzuia penye hatari dhahiri ya uvunjaji wa amani. Tena anapaswa kuziweka ilani zote katika daftari ambalo raia yeyote anaweza kulisoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, ikaongeza uzito: kuandamana kwa amani bila silaha ni haki.

Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Afande alininyima kitu ambacho sheria hainitaki niombe. Lakini nani aliyelitamka neno "ruhusa" kwanza? Ni mimi! Nilizaliwa baada ya 1997, na bado mdomoni nilikuwa na leseni ya 1950.

Sisemi kwamba neno huzuia risasi. Vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walikuwa na kifungu cha 37, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Nasema tu kwamba anayeomba haki yake amekwisha kumpa mwenzake nafasi ya kumnyima.

Na lugha, wenzangu, haisahau. Leo wanafunzi wa chuo kikuu wakikutana wanasema wana kamukunji. Hata wabunge wanakutana na Spika katika kamukunji. Uwanja ulionyimwa mkutano umegeuka kuwa jina la mkutano.

Wiki iliyofuata nilirudi kituoni na karatasi mbili.

"Afande, nimeleta ilani."

Safari hii aliinua kichwa. "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Mama," nikajibu.

Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akavuta muhuri. Nakala moja ikabaki kwake. Nyingine ninayo hapa mezani, ninapoandika haya.