Keria ya kubebea baiskeli

Keria ya kubebea baiskeli ni kifaa kinachofungwa kwenye gari ili kusafirisha baiskeli nje ya chumba cha abiria. Isichanganywe na keria ya baiskeli yenyewe, yaani kile kitako cha chuma kilicho juu ya gurudumu la nyuma ambacho hubeba mzigo au abiria. Aina inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ile inayofungwa kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma au buti la gari. Aina hiyo haihitaji gari kutobolewa wala kuongezewa chuma chochote. Hata hivyo haifai kwa kila gari wala kwa kila baiskeli, na ikichaguliwa vibaya inaweza kuangusha baiskeli barabarani mbele ya gari au pikipiki inayofuata.

Aina

Kuna aina nne kuu za keria za kubebea baiskeli.

Keria ya buti ina fremu ya chuma, alumini au plastiki ngumu, mikono miwili ya kuning'inizia baiskeli, vikanyagio vya mpira vinavyoegemea bati la gari, na mikanda minne au sita yenye ndoano. Kwa kawaida hubeba baiskeli mbili au tatu.

Keria ya tairi la akiba hufungwa kwenye tairi lililo nje ya mlango wa nyuma. Magari yenye tairi la namna hiyo ni kama Suzuki Escudo, Toyota RAV4 za matoleo ya mwanzo na baadhi ya Land Cruiser Prado. Uzito wa keria hiyo na baiskeli zake unabebwa na bawaba za mlango.

Keria ya ndoano ya tela hukaa kwenye chuma cha kukokotea tela. Ndiyo imara zaidi kati ya zile za nyuma, kwa kuwa uzito unakwenda kwenye chasisi na si kwenye bati la mlango. Nyingi zina taa zake na mahali pa kuweka kibao cha namba.

Keria ya juu hufungwa kwenye paa. Haifichi taa wala namba, na mlango wa nyuma unabaki huru kufunguliwa. Kasoro yake ni kwamba baiskeli huinuliwa juu sana, na dereva anaweza kusahau urefu mpya wa gari anapopita chini ya tawi, geti au paa la kituo cha mafuta. Katika mashindano kama Tour du Rwanda, na katika mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, magari ya timu hutumia keria za juu ili fundi aweze kushusha baiskeli ya akiba upesi.

Historia kwa ufupi

Keria za buti zilienea kwanza Marekani na Ulaya, ambako familia nyingi zilikuwa na gari dogo na zilitaka kwenda na baiskeli mapumzikoni. Kampuni ya Allen ya Marekani huhesabu kazi yake tangu mwaka 1967. Kampuni ya Thule, iliyoanzishwa Uswidi mwaka 1942, ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana zaidi wa keria za magari. Saris ya Madison, Wisconsin, inajulikana kwa keria yenye umbo la upinde iitwayo Bones.

Afrika Mashariki ina desturi yake ya zamani ya kusafirisha baiskeli. Mabasi ya zamani yalikuwa na keria ya chuma juu ya paa pamoja na ngazi ya nyuma, na baiskeli ilipandishwa huko pamoja na magunia, magodoro na matenga ya kuku. Kamba ya katani, kamba ya manila na mpira uliokatwa kutoka tyubu iliyochakaa bado ni vifaa vya kawaida vya kufungia. Keria za buti zinazoonekana mijini leo mara nyingi ni mitumba iliyotoka Ulaya au Japani, nayo huuzwa bila kitabu cha maelekezo.

Uzito wa baiskeli

Hili ndilo jambo la kwanza la kuangalia, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Keria nyingi za buti zimetengenezwa kwa baiskeli nyepesi. Kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa kila baiskeli, yaani kilo 30 kwa keria ya baiskeli mbili na kilo 45 kwa keria ya baiskeli tatu. Kikomo hicho huandikwa kwenye kibandiko au hupigwa chapa kwenye fremu.

Baiskeli ya kawaida ya vijijini Tanzania ni ya aina nyingine. Phoenix kutoka China, na Hero au Avon kutoka India, zina fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, madigadi ya bati, stendi ya miguu miwili na keria nzito ya nyuma. Baiskeli ya namna hiyo huwa na uzito wa karibu kilo 20, na ikiongezewa vyuma vya kubebea magunia huzidi hapo. Kwa hiyo keria iliyoandikwa "baiskeli 2, kilo 30" inaweza kubeba Phoenix moja tu kwa usalama. Mnunuzi anayehesabu idadi ya baiskeli bila kuhesabu kilo anaweza kupita kikomo kwa theluthi nzima kabla gari halijaondoka.

Kupima baiskeli ni rahisi. Mizani ya kununulia mazao inafaa, ikiwa ni ya kuning'iniza au ya kukanyaga. Penye mizani ya watu, mtu hupanda akiwa ameinua baiskeli, kisha hupanda bila baiskeli, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito wa baiskeli.

Kani katika mikanda

Keria ya buti hufanya kazi kwa kanuni ya momenti ambayo wanafunzi wa sekondari huisoma katika fizikia. Vikanyagio vya chini ndivyo egemeo, baiskeli inavuta keria kuelekea nyuma na chini, na mikanda ya juu inaizuia isipinduke.

Tuchukue mfano wa baiskeli mbili zenye kilo 20 kila moja, sawa na takriban newtoni 200 kila moja. Ya kwanza inaning'inia mita 0.3 kutoka kwenye egemeo, na ya pili mita 0.5. Momenti ya kwanza ni 200 × 0.3 = 60, na ya pili ni 200 × 0.5 = 100. Jumla ni 160. Ikiwa ndoano za juu ziko mita 0.8 juu ya egemeo, mvuto wa mlalo katika mikanda ya juu ni 160 ÷ 0.8 = newtoni 200, mbali na uzito wenyewe unaovuta kwenda chini.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili. Kwanza, baiskeli iliyo mbali na gari huvuta zaidi ingawa uzito wake ni ule ule. Ndiyo sababu baiskeli nzito huwekwa karibu na gari. Pili, hesabu hiyo ni ya gari lililosimama. Gari linaporuka tuta au kuingia kwenye shimo, kani inaweza kuwa maradufu au zaidi kwa muda mfupi, na hapo ndipo mkanda uliochoka hukatika.

Aina ya gari

Ndoano za keria hushika kingo za mlango wa nyuma: mbili juu, mbili chini na, kwa keria yenye mikanda sita, mbili pembeni. Mikanda ya juu hubeba uzito, ya chini huvuta keria isiruke, na ya pembeni huizuia isiyumbe kulia na kushoto. Kwa barabara mbovu keria ya mikanda sita ni bora kuliko ya minne.

Kabla ya kununua, mambo yafuatayo huangaliwa kwenye gari:
* Kingo za mlango ziwe za bati. Ndoano haipaswi kushika kioo, plastiki wala spoila.
* Vikanyagio viegemee bati imara au bampa, si kioo wala taa.
* Waipa ya nyuma isibanwe.
* Matairi ya baiskeli yasikae mbele ya bomba la moshi, kwa kuwa joto lake huharibu mpira.
* Magurudumu yasikae chini kiasi cha kugusa ardhi gari linapovuka tuta au korongo.

Gari lenye mgongo wima kama Toyota Probox au Noah hushika keria tofauti na gari lenye buti linalotokeza. Kwa hiyo keria iliyokaa vizuri kwenye gari la jirani si uthibitisho kwamba itafaa gari jingine. Watengenezaji wakubwa hutoa orodha ya magari yanayokubaliana na kila keria.

Umbo la baiskeli

Mikono ya keria hushika bomba la juu la fremu. Baiskeli ya kike, yenye bomba lililoshuka, pamoja na baiskeli nyingi za watoto, hazina bomba hilo la mlalo. Kwa baiskeli hizo hutumika fimbo ya ziada inayounganisha shingo ya usukani na bomba la kiti. Baiskeli zenye breki za vyuma zinahitaji uangalifu, kwa sababu vyuma hivyo hupita karibu na fremu na vinaweza kupindwa na kishikizo cha keria.

Kuchunguza keria ya mtumba

Jua hudhoofisha mikanda ya nailoni. Mkanda uliopauka, uliokauka au uliochomoka nyuzi haufai, hata kama chuma bado kinang'aa. Mishono ichunguzwe kwa kuvutwa kwa nguvu. Vifungio vishike bila kuteleza. Ndoano zisiwe na kutu iliyokula chuma, na ngozi ya mpira inayozifunika iwepo ili zisichubue rangi ya gari. Viungo vya fremu visiwe na nyufa. Mikanda inaweza kubadilishwa, lakini fremu iliyopasuka kisha ikachomelewa haiaminiki.

Barabara za Ruvuma

Lusewa ni kata ya Wilaya ya Namtumbo katika Mkoa wa Ruvuma, eneo ambalo zamani lilihesabiwa chini ya Wilaya ya Songea. Barabara kuu ya Songea hadi Namtumbo, takriban kilomita 70, ina lami, lakini njia nyingi za vijijini ni za udongo. Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kipindi kingine ni cha vumbi.

Hali hiyo hubadilisha uchaguzi. Vumbi likiingia kati ya kikanyagio na bati husugua rangi kama msasa, kwa hiyo mahali hapo huoshwa kabla ya kufunga. Tope huongeza uzito na huingia kwenye cheni na kwenye bearingi za magurudumu. Mitikisiko ya barabara yenye mawimbi hulegeza mikanda kidogo kidogo.

Kwa safari ndefu ya njia ya udongo, keria ya buti si chaguo la kwanza. Baiskeli moja inaweza kuingia ndani ya Probox au Noah baada ya kulaza viti na kufungua gurudumu la mbele kwa spana. Baiskeli kadhaa nzito husafiri vizuri zaidi kwenye pikapu, zikiwa zimetenganishwa kwa magunia matupu ili zisikwaruzane. Kwa anayetuma baiskeli moja kijijini, nauli ya mzigo kwenye basi inaweza kuwa nafuu kuliko keria mpya. Keria ya buti humfaa zaidi mwenye baiskeli nyepesi anayetumia lami mara kwa mara.

Sheria

Nchini Tanzania usafiri wa barabarani unasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Baiskeli zilizoning'inizwa nyuma hufunika kwa urahisi taa za breki, indiketa na kibao cha namba. Dereva wa nyuma asiyeona taa ya breki hana namna ya kujua kwamba gari la mbele linasimama, na hatari huwa kubwa zaidi usiku. Kufunika namba humletea dereva matatizo na askari wa usalama barabarani. Uingereza, kwa mfano, faini ya namba isiyosomeka inaweza kufika pauni 1,000, na watumiaji wa keria huko hufunga kibao cha tatu pamoja na ubao wa taa.

Kufunga na kuendesha

Baiskeli nzito hutangulia karibu na gari, nayo ya pili hugeuzwa upande wa pili ili usukani na pedali zisigongane. Pampu, mikoba na kufuli hutolewa. Magurudumu hufungwa yasizunguke, na fremu huongezewa mkanda au mpira wa tyubu unaoishikiza kwenye gari lenyewe, si kwenye keria peke yake. Ncha za mikanda hufungwa zisipepee.

Dereva husimama baada ya kilomita chache za kwanza na kukaza mikanda upya, kisha hukagua tena kila baada ya kipande kibaya cha barabara. Mwendo hupunguzwa kabla ya matuta. Mlango wa nyuma haufunguliwi keria ikiwa na mzigo, kwa hiyo vitu vya njiani huwekwa mbele. Wakati wa kurudi nyuma hukumbukwa kwamba gari limeongezeka urefu. Safari ikiisha, keria huondolewa na mikanda huhifadhiwa kivulini.