Mahali pa Kitanda cha Mtoto: Kutoka Unguja hadi Maskati na Uingereza



Vijitabu vya mikutano ya ukoo aghalabu hueleza nani alizaliwa na nani, nani alimuoa nani, na ni mwaka gani fulani alivuka bahari. Hayo ni ya lazima, na wala hatukusudii kuyapunguzia thamani. Lakini nasaba peke yake haisemi watu waliishi vipi ndani ya nyumba zao. Kwa hivyo tumeonelea mara hii tuandike historia ya jambo moja la ndani kabisa, ambalo kila mzazi miongoni mwetu amewahi kuliamua, ama kwa kufikiri ama kwa mazoea, nalo ni mahali pa kuweka kitanda cha mtoto.

Wazee wetu walipoweka kitanda cha mtoto walikuwa wakijibu maswali manne. Upepo unatoka wapi? Kibla iko wapi? Nani astiriwe na nani? Na ni mkubwa gani atakayemsikia mtoto huyu akishtuka usiku? Ukoo wetu ulipotawanyika, maswali matatu ya mwanzo yalipatiwa majibu mapya kwa kila nchi. La nne liliachwa lijijibu lenyewe, nalo ndilo linalostahili kuzungumzwa tunapokutana.

NYUMBA ZA MAWE

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kama ilivyokuwa Mombasa na Lamu, nyumba za wenye uwezo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilichukuliwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyotawala umbo la chumba. Urefu wake wa kutumika ulikuwa kiasi cha mita 2.5 hadi 3, kwa hivyo chumba kiliweza kurefushwa kadiri ya mali ya mwenyewe, lakini upana haukuweza kupita boriti. Vyumba vikawa virefu na vyembamba. Chumba cha namna hiyo hakimpi mtu hiari nyingi: kitanda hukaa mwisho wa chumba, kimekingama kutoka ukuta hadi ukuta, na sehemu ya kati hubaki kuwa njia na mahali pa kukaa.

Lamu mpango huo ulikamilika zaidi. Mgeni aliishia dakani au kiwandani. Baada ya hapo zilifuatana kumbi ndefu mbili, msana wa tini na msana wa yuu kama wasemavyo Waamu, ambazo ncha zake zilikingwa kwa mapazia, na nyuma ya pazia ndipo palipolaliwa. Mbele zaidi kilikuwako chumba kiitwacho ndani, mahali pa bibi wa nyumba na watoto wake. Kadiri mtu alivyokuwa mdogo na wa kulindwa, ndivyo alivyolazwa mbali na mlango wa njiani.

Mtoto mchanga hakuwa na kitanda chake. Alilala na mama yake, au katika susu lililotundikwa kwenye boriti, mkono wa mama uweze kulifikia na kulisukuma. Alipokwisha kuachishwa ziwa alihamia kwenye mkeka au godoro la sufi chini, kando ya kitanda cha mama au cha bibi, na asubuhi godoro likakunjwa na kusukumwa mvunguni. Vitanda vya wakubwa vilikuwa virefu kwa matendegu, hasa samadari na vitanda vya besera, na huko chini palikaa masanduku na matandiko ya nyumba nzima.

Mtoto alipopata kitanda, kilikuwa cha kamba: matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili, na kamba za makumbi zilizosukwa katikati. Kitanda hicho ni chepesi, hata mtu mmoja aliweza kukitoa uani. Kwa sababu hiyo mahali pake hapakuwa pa kudumu. Ilipovuma kaskazi, kiasi cha Disemba hadi Machi, kilisogezwa kwenye dirisha moja. Ilipogeuka kusi kikahamishiwa lingine, ili hewa ipite baina ya dirisha na mlango na kumpitia mtoto aliyelala. Chandarua kilifuata kitanda kokote kilikokwenda. Matendegu yaliwekwa ndani ya makopo ya maji au mafuta ya taa ili sisimizi wasipande, na kitanda chenyewe kilitengwa na ukuta kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Mara kwa mara kilitolewa juani na kumwagiwa maji ya moto katika viungo vyake. Methali isemayo kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake haikubuniwa na watu waliokuwa wakitania.

STARA NA UMRI WA MIAKA KUMI

Swali la stara lilikuwa na jibu lililokwishaandikwa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) aliwausia wazazi wawaamrishe watoto kusali wafikapo miaka 7, na wafikapo miaka 10 watenganishwe katika malazi yao. Katika nyumba zetu maana yake ilionekana wazi. Mvulana wa umri huo alitolewa ndani na kupelekwa chumba cha mbele, pamoja na wajomba na binamu zake, au wakati wa joto alilala barazani au ukumbini. Msichana alibaki ndani, karibu na bibi yake. Aghalabu hakuna aliyepewa chumba peke yake. Kutenganisha malazi hakukuwa kumwacha mtoto pweke. Kulikuwa kumhamisha kutoka kwa mkubwa mmoja kwenda kwa mkubwa mwingine.

OMAN: KUTOKA JUU YA DARI HADI KIYOYOZI

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi waliondoka Unguja kwa njia mbalimbali, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi, jamaa wengi walielekea Maskati. Waliikuta nchi yenye joto la namna nyingine. Unguja joto lina upepo wa bahari. Maskati wakati wa kiangazi joto hupindukia nyuzi 40, na kuta za mawe zilizopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto usiku. Wenyeji walikuwa na dawa yake ya zamani: jioni walipanda juu ya dari na matandiko, wakalala wazi chini ya nyota, wazazi upande wao na watoto upande wao, na kabla jua halijapanda wakashuka. Hapo swali la upepo na swali la stara yalijibiwa kwa ukuta mfupi uliozunguka dari.

Ukaja umeme, zikaja nyumba za saruji za Ruwi na vitongoji vilivyofuata, kikaja kiyoyozi. Dirisha lililokuwa rafiki wa kitanda likafungwa. Badala ya kutafuta mkondo wa hewa, mama sasa alitafuta mahali ambapo mashine haitampulizia mtoto kifuani usiku kucha. Chandarua kilitoweka katika nyumba nyingi. Na kwa kuwa nyumba mpya zilikuwa na vyumba vingi, na baridi ya mashine haikai mlango ukiwa wazi, milango ya watoto ilianza kufungwa usiku.

UINGEREZA: UKUTA WENYE MAJI

Waliokwenda Uingereza, katika miji kama London na Portsmouth, waliingia nyumba za matofali zilizoshikana, vyumba viwili vya kulala na pengine kimoja kidogo mno juu ya ngazi. Mazoea ya Pwani, ya kuweka kitanda chini ya dirisha, yaliwageukia. Pumzi za watu waliolala hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na ukuta wa nje ulio baridi hugeuka maji. Jiko la mafuta ya taa, ambalo familia nyingi zilitegemea katika miaka ya 1960 na 1970, lilizidisha mambo, kwani kila lita ya mafuta inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji hewani. Godoro lililogusa ukuta huo liliota kuvu, na watoto wakakohoa majira yote ya baridi. Akina mama walijifunza kwa taabu kuhamishia kitanda kwenye ukuta wa ndani, kuacha nafasi ya kupita hewa nyuma yake, na kutokiegemeza kwenye bomba la joto.

Hapo ndipo walipokutana pia na sheria. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1935, ambayo masharti yake yaliendelezwa katika ile ya 1985, inaihesabu nyumba ya England na Wales kuwa imesongamana iwapo watu wawili wa jinsia tofauti, wenye umri wa miaka 10 au zaidi na wasio mke na mume, wanalazimika kulala chumba kimoja. Mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimia 10 huhesabiwa nusu mtu, na mchanga wa chini ya mwaka hahesabiwi. Chumba cha futi za mraba 110 au zaidi, yaani kiasi cha mita za mraba 10, huhesabiwa kuwatosha watu wawili; na kilicho chini ya futi 50 hakihesabiwi kabisa. Kwa hivyo baadhi ya vile vyumba vya juu ya ngazi, ambamo wengi wa vijana wetu walikulia, mbele ya sheria hiyo havikuwa vyumba vya kulala.

Tazameni jinsi miaka kumi ilivyojirudia. Wasia waliokuja nao wazee wetu na sheria waliyoikuta vilikubaliana juu ya umri, ingawa vilitoka mahali mbali mbali. Jambo hilo liliwasaidia wazazi waliokuwa wakiomba nyumba kubwa zaidi, kwani walichokitaka kwa dini yao kilikuwa pia haki yao kwa sheria ya nchi.

Vitanda vya ghorofa, au deka kama wasemavyo wanafunzi wa bweni, viliokoa nafasi. Kanuni inayopendekezwa ni kuwa mtoto wa chini ya miaka 6 asilazwe juu. Na tangu kampeni ya mwaka 1991 nchini Uingereza, wazazi hushauriwa kumlaza mchanga chali, na siku hizi pia katika kitanda chake mwenyewe kisicho na mito, ndani ya chumba cha wazazi kwa miezi 6 ya mwanzo. Vifo vya ghafla vya wachanga vilipungua sana baada ya hapo. Bibi zetu wasingeshangazwa na sehemu ya mwisho ya ushauri huo.

KICHWA KIELEKEE WAPI

Swali la kibla lina historia yake nzuri. Makka iko karibu kaskazini sawasawa na Unguja na Mombasa, hata katika Kiswahili cha zamani neno kibla lilitumika pia kwa maana ya kaskazini. Anayelala kwa ubavu wa kulia na uso wake kuuelekeza kibla, kama ilivyo sunna na kama atakavyolazwa kaburini, huko Pwani kichwa chake huwa mashariki na miguu magharibi. Kitanda hicho hicho kikipelekwa Maskati, ambako kibla ni magharibi, mchago huhamia kaskazini. Kikifika Uingereza, ambako kibla ni kusini-mashariki, mchago huwa kusini-magharibi. Na kwa jamaa zetu walioko New York, ambako kibla huelekea kaskazini-mashariki, mchago huwa kusini-mashariki. Kitanda kimoja kimezungushwa mara tatu katika umri wa mtu mmoja, na kila mara aliyelala humo ameelekea mahali pale pale.

SWALI LA NNE

Tumebaki na mkubwa atakayemsikia mtoto. Unguja jibu halikutafutwa kwa sababu lilikuwapo: bibi alilala hatua mbili kutoka pale. Na bibi hakuwa mlinzi wa usiku tu. Taa ilipopunguzwa ndipo aliposema “Paukwa!” na watoto wakaitika “Pakawa!”, na hadithi ikaanza. Vitendawili, methali, majina ya mababu, habari za nani alikuwa nani, na maneno ambayo hayasemwi sokoni wala shuleni, yote hayo yalipitia baina ya kitanda cha bibi na godoro la mjukuu. Hakukuwa na darasa la Kiswahili. Kulikuwa na chumba cha kulala.

Leo watoto wetu wana vyumba vyema kuliko vyote walivyopata kuwa navyo wazee wao, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mlango umefungwa, na bibi, kama yuko nchi moja nao, analala chumba cha wageni chini au nyumba nyingine. Kisha tunalalamika mkutanoni kwamba watoto wanasikia Kiswahili lakini hawakisemi. Kiswahili cha salamu wanakipata mchana. Kile cha ndani kilikuwa cha usiku, na hatujakipa mahali pengine.

Hatusemi turudi kwenye mikeka. Tunachopendekeza kinawezekana katika nyumba yoyote. Bibi au babu anapokuja kutembea, awekewe kitanda katika chumba cha wajukuu walio chini ya miaka kumi, si katika chumba cha wageni. Pale ambapo hakuna mzee, mzazi mmoja akae kitako kando ya kitanda nusu saa kabla ya kuzima taa, na nusu saa hiyo iwe ya Kiswahili. Na katika mkutano huu tunawaomba wazee wachore nyumba walizokulia, vyumba vyake na milango yake, na waonyeshe nani alilala wapi na karibu na nani. Hayo hayamo katika hati wala picha yoyote, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape afya waliobaki, na awalaze watoto wetu salama popote walipo. Amin.