Fungate Baharini: Historia ya Neno na ya Safari

Katika magazeti ya Kiswahili ya siku hizi, na katika matangazo ya wauza safari, twasoma mara kwa mara kwamba maarusi fulani "wamekwenda fungate", na pengine kwamba fungate yenyewe itakuwa ya melini, katika merikebu ya matembezi itakayowazungusha visiwani kwa siku kadhaa na kuwarudisha pale pale ilipowachukulia. Kijana asomaye habari hiyo haoni neno la kumkwaza. Mzee wa pwani, lakini, huenda akauliza: fungate huendwaje? Kwa desturi aliyolelewa nayo fungate haiendwi; hukaliwa. Katika badiliko hilo la kitenzi, nomino ikibaki vile vile, mna historia ndefu, nusu yake ya nchi kavu na nusu yake ya maji, na makusudi ya makala haya ni kuifuata historia hiyo.

Tuanze na neno. Kabla sita, saba na tisa, maneno ya Kiarabu, hayajatawala hesabu yetu, Kiswahili kilikuwa na tandatu, mfungate na kenda, maneno ya ukoo wa Kibantu. Kenda ingali yasikika. Mfungate ilitoweka katika kuhesabu, ingawa Mshambaa akihesabu ng'ombe zake hata leo huitamka bila ya kufikiri. Fungate basi ni muda wa siku 7, na ni mabaki ya hesabu iliyokufa. Namba imekwenda zake, arusi ikahifadhi kivuli chake. Watu wengi hulihusisha neno hili na kitenzi "funga", kwa kuwa maarusi hufungiwa ndani. Maelezo hayo yana ladha lakini hayatoshi, maana mtu ahesabuye ng'ombe hamfungii mtu ndani. Hata hivyo dhana ya watu nayo ni sehemu ya historia ya neno: ikiwa vizazi kadhaa vimesikia kufungwa ndani ya fungate, basi kufungwa kumekwisha kuingia katika maana yake, mwanaisimu apende asipende.

Siku zenyewe saba zilikuwa na nguzo nyingine pia. Fiqhi ya Kiislamu, inapozungumza juu ya mume mwenye wake zaidi ya mmoja, humpa bibi arusi aliye bikira siku 7, na aliyekwisha kuolewa siku 3, kabla ya zamu za wake kuanza kuhesabiwa sawasawa. Hivyo namba ya Kibantu na hukumu ya dini zilikutana katika chumba kimoja. Bwana arusi aliingia nyumbani kwa wazazi wa mke, akakaa, chakula kikaletwa, kungwi akawa karibu, ajuaye lini aingie na lini ajitenge. Lililo muhimu kwetu ni hili: maarusi hawakupanga chochote. Mipango ilikuwa ya wazee, ya makungwi na ya majirani. Wawili wale walifika katika fungate kama wageni wafikavyo katika karamu.

Lugha za Ulaya zimeuhesabu muda huo kwa njia nyingine. Waingereza husema mwezi wa asali, na neno lao limeandikwa tangu karne ya 16. Richard Huloet, katika kamusi yake ya mwaka wa 1552, alilieleza kwa kejeli kidogo: maarusi mwanzoni hupendana mno, lakini mapenzi hayo huelekea kupungua. Wafaransa walilitafsiri neno hilo kipande kwa kipande, na Waarabu wa leo vivyo hivyo husema shahru al-asal. Wajerumani wao huhesabu majuma, Flitterwochen. Katika maneno yote hayo hamna safari. Mwingereza wa mwaka wa 1552 alikuwa na mwezi wake wa asali bila ya kutoka kijijini kwake, na kwa jambo hilo hakutofautiana sana na Mswahili. Safari iliingia baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wenye mali walipoanza kuzunguka baada ya arusi ili kuwazuru jamaa ambao hawakuweza kuhudhuria. Tena mara nyingi dada au rafiki wa bibi arusi alifuatana nao. Kuwakimbia jamaa ni mtindo uliokuja nyuma yake.

Kilichoigeuza desturi ni mvuke. Jahazi hungoja kaskazi na kusi. Haliwezi kuwaahidi maarusi siku ya kurudi. Stima inaweza. Nasi tunao ushahidi wa badiliko hilo katika msamiati wetu wenyewe: merikebu tuliipata kwa Waarabu, manowari ni neno la Waingereza kwa chombo cha vita, na meli si jingine ila neno lao la barua, kwa kuwa chombo kilichokuja kwa tarehe iliyoandikwa ndicho kilichochukua barua. Kampuni ya British India ilianza kuleta barua Unguja kwa mkataba katika mwaka wa 1872. Kabla ya mtu kupanga fungate ya baharini ilimpasa kwanza awe na kalenda ya meli.

Mfano wa kwanza ulio mashuhuri kwetu ulitangulia mkataba huo kwa miaka mitano. Sayyida Salme, binti Seyyid Said, aliondoka Unguja katika mwezi wa Agosti 1866, usiku, katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, kwa sababu ya mapenzi yake na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Alimngoja Aden miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, na siku hiyo hiyo wakapanda stima kuelekea Ulaya. Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa, ulifunguliwa mwaka wa 1869. Kwa hiyo abiria waliteremka Suez, wakavuka Misri kwa garimoshi, wakapanda chombo kingine katika bahari ya Kati. Hizo ndizo siku zake saba za kwanza.

Tukizipima kwa desturi ya kwao, kila kitu kilikuwa kinyume. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, ndugu zake hawakuwapo na wengi wao wasingekubali kuwapo, kungwi hakuna, chumba si cha nyumba ya mke bali cha kampuni, na kila siku kinamsogeza mbali zaidi na nyumba hiyo. Katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka wa 1886 ameeleza kwa urefu mkubwa arusi, vyakula na vyumba vya utoto wake, lakini arusi yake mwenyewe na safari iliyofuata amezipitia kwa maneno machache. Msomaji asiharakishe kusema kwamba ni haya tu. Mtu huandika kwa kirefu jambo lenye umbo aliloliona kwa wakubwa wake, na fungate ya melini katika mwaka wa 1867 haikuwa na umbo lolote ambalo binti wa Bet il Mtoni angeweza kulitambua. Mumewe alifariki mwaka wa 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu.

Mfano wa pili ni wa mtu ambaye jarida kama hili lina deni kwake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Mrima alikwenda Berlin mwaka wa 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka wa 1903 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen kitabu cha desturi za Waswahili, na sehemu kubwa ya kitabu hicho, zikiwamo habari za posa, arusi na makungwi, ni kazi ya kalamu ya Mtoro. Sisi sote tunaoandika juu ya arusi ya pwani tunakula katika sahani yake. Mwaka uliofuata, 1904, alioa mjini Berlin mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka wa 1905, baada ya kugombana na wanafunzi waliokataa kumheshimu kama mwalimu, aliacha kazi, akapanda meli pamoja na mkewe kurudi kwao.

Sitasema kwamba safari hiyo ilikuwa ya matembezi; ilikuwa safari ya kuhamia. Lakini kwa kipimo cha desturi aliyoiandika, ndiyo iliyokuwa safari ya kumpeleka mke kwa jamaa wa mume, jambo ambalo arusi ya Berlin haikuweza kulitimiza. Walipofika pwani serikali ya koloni, chini ya Gavana von Götzen, ilimkataza Bertha asishuke. Mume angeweza kushuka peke yake katika nchi yake. Mke Mzungu wa Mwafrika asingeonekana barabarani. Wakarudi wote wawili Ujerumani kwa njia ile ile. Mwaka wa 1906 ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni. Mtoro alifundisha tena, Hamburg, akafa Berlin mwaka wa 1927. Kwa hiyo mtu aliyetuandikia jinsi bibi arusi anavyopokelewa aliiona pwani yake kutoka sitahani, na mkewe hakupokelewa. Katika historia yote ya maarusi na meli sijui tukio lionyeshalo wazi zaidi kwamba chumba cha melini ni faragha iliyoazimwa: mwenye bandari ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Safari za matembezi tupu zilikuwa zimekwisha kuanza wakati huo. Kampuni iitwayo leo P&O iliuza safari za bahari ya Kati tangu mwaka wa 1844, na mwandishi Thackeray alipewa tikiti ya bure ili asimulie. Aliyeifanya biashara hiyo iwe na mpango ni Albert Ballin wa Hamburg. Meli zake za Atlantiki zilikosa abiria wakati wa baridi. Badala ya kuziacha zilale bandarini aliituma Augusta Victoria, tarehe 22 Januari 1891, kutoka Cuxhaven kwenda bahari ya Kati ikiwa na abiria 241. Meli ya kwanza iliyojengwa mahsusi kwa matembezi, Prinzessin Victoria Luise, iliteremshwa majini mwaka wa 1900, nayo ikapanda mwamba huko Jamaika mwezi wa Desemba 1906.

Kwa maarusi matajiri wa zama hizo meli ilikuwa mwanzo na mwisho wa fungate, na katikati ilikuwa Misri au Italia. John Jacob Astor na Madeleine, waliooana mwezi wa Septemba 1911, walikuwa wakirejea Marekani kutoka katika matembezi yao ya Misri walipopanda Titanic huko Cherbourg mwezi wa Aprili 1912. Madeleine alikuwa na mimba. Astor aliomba kuingia naye mashuani kwa sababu ya hali yake, ofisa akakataa, maana ilikuwa zamu ya wanawake na watoto. Mtoto alizaliwa mwezi wa Agosti.

Baada ya hapo naweza kwenda upesi. Mwezi wa Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuchukua abiria juu ya Atlantiki, na meli ya abiria ikapoteza kazi yake ya kuwafikisha watu mahali. Sisi tuliliona jambo hilo bandarini kwetu: meli za British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizokuwa zikija kutoka London, ziliacha njia hiyo katika miaka ya 1960, na Uganda ikageuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi. Nyingine zikageuzwa kuwa hoteli zinazoelea. Kuanzia mwaka wa 1977 hata 1986 televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo wa "The Love Boat", uliosimulia visa vya meli ya Pacific Princess, na mamilioni ya watu wakajifunza kuwa mapenzi na meli ni mtu na pacha wake. Bei ya chumba hutajwa hadi leo kwa kila mtu, kwa kudhani kwamba watalala wawili. Msafiri wa peke yake hulipa zaidi. Sheria nayo ilifuata biashara: mwaka wa 2011 kampuni ya Cunard ilihamisha usajili wa meli zake kutoka Uingereza kwenda Bermuda, na mojawapo ya sababu ni kwamba sheria ya Bermuda humruhusu nahodha kufungisha ndoa baharini, na ya Uingereza haimruhusu.

Hapa ndipo mtafiti wa desturi anapopaswa kutazama vizuri. Maarusi wa leo hupanga miezi mingi kabla: bandari zipi, chumba cha ndani au chenye roshani, mvua za tufani ziko miezi gani. Lakini wakishapanda, kupanga kunakwisha. Mtu asiyeonekana hutandika kitanda wakiwa nje. Chakula huletwa mlangoni wakitaka. Saa ya kula, saa ya kushuka na saa ya kurudi zimekwisha kuamuliwa na wengine. Mhudumu wa chumba amekalia kiti cha kungwi, ila yeye hulipwa na hana mafundisho ya kutoa. Na faragha hiyo hununuliwa katikati ya umati: meli kubwa zilizojengwa tangu mwaka wa 2009 huchukua zaidi ya abiria 5,000. Kwa maoni yangu, basi, wanaosema kwamba neno fungate limeibwa na wauza safari wanasema nusu ya kweli. Mwendo ni mgeni. Kufungiwa na kuhudumiwa si kugeni.

Katika mwezi wa Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ikiwa na watu wapatao 3,700, na zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa. Miongoni mwao walikuwamo maarusi. Abiria waliamriwa kukaa vyumbani siku 14. Neno karantini lenyewe ni neno la hesabu, kutoka siku 40 za Waitaliano, kama arobaini yetu ya mzazi na ya maiti, na kama fungate.

Kwa watunga kamusi nina ombi moja. Kamusi nyingi sasa hueleza fungate kuwa ni mapumziko ya maarusi, na baadhi zinasahau siku 7. Maana zote mbili ziandikwe, ya kale ikitangulia, na mifano itolewe kwa vitenzi vyote viwili, kukaa na kwenda. Tena mfungate itajwe kando yake, pamoja na lugha za jirani ambazo zingali zikihesabu kwayo.